Dokta Arlys na Miaka Miwili Mingine

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, ngoja, nakosea. Mwaka 2021 ndio ule wa ukame, ngano ilipoishia magotini na watu wakauza ng'ombe kabla hata ya Agosti kwisha. Haya ninayoyasimulia yalianza mwaka uliofuata, 2022, mwaka wa mvua. Nakumbuka matope kwenye ukumbi wa hospitali, na nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyeyapiga deki.

Mimi si mzaliwa wa Skarpen, mji wetu huu mdogo. Nilizaliwa Arkansas, shule niliiacha mapema, na ujana wangu wote nikaumalizia kwenye mavuno. Kuna vikosi vya watu na mashine vinavyoanza kuvuna ngano kule Texas mwezi wa tano, vikapanda kaskazini shamba kwa shamba, hadi mwezi wa nane viko huku kwetu Dakota ya Kaskazini. Mwaka mmoja mashine yetu ilikufa Skarpen. Wenzangu wakaendelea, mimi nikaachwa nisubiri kipuri. Kipuri kilifika, lakini mimi sikuondoka. Hospitali ilikuwa inatafuta mtu wa kuzoa theluji na kuangalia tanuri la joto, nikasema nitawasaidia mpaka theluji iyeyuke. Imeshayeyuka mara nyingi tangu siku hiyo.

Kitu cha kwanza kilichonishinda huku ni kahawa. Jumapili yangu ya kwanza nilishuka na watu chini ya kanisa, kwenye ukumbi wa kahawa baada ya ibada, mama mmoja akanijia na birika akasema, "Kahawa?" Nikasema, "Ndiyo, asante." Ukumbi mzima ukanigeukia. Mtu akakohoa. Nilikunywa ile kahawa nikijihisi kama nimevua suruali.

Baadaye nilielewa. Watu wa Skarpen wakikaribishwa kitu hukataa kwanza. "Hapana, usijisumbue." Wakikaribishwa tena hukataa tena. "Hapana, jamani, nimeshiba kweli." Mara ya tatu ndipo husema, "Basi, kidogo tu," na hapo humiminiwa kikombe kinachofurika. Hapana ya kwanza na ya pili hazina maana yoyote. Ni heshima tu, kama kuvua kofia. Ukimsikia mtu anasema hapana huku, unatabasamu na unasogeza birika karibu. Kwa miaka mingi niliona jambo hilo ni zuri na la kuchekesha. Siku hizi silicheki sana.

Sasa nimweleze Dokta Arlys Brekhus.

Alikuwa mtoto wa shamba, maili chache tu kaskazini ya mji, mwanamke mrefu, mikono mikubwa, nywele amezikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni. Alikwenda kusomea upasuaji huko miji mikubwa wakati wasichana hawakuwa wakienda, kisha akarudi, na hilo la kurudi ndilo watu walilompendea. Mtu mzima yeyote wa Skarpen ukimwambia apandishe shati utaona mshono wa Dokta Arlys. Kidole tumbo, nyongo, ngiri, watoto waliokataa kutoka wenyewe, mkono ulioshikwa na mashine ya nafaka. Hata mimi amenishona, ubavuni, baada ya bomba la mvuke kupasuka. Nilimwambia, "Dokta, unashona kama unafunga gunia." Akasema, "Magunia yangu hayajawahi kumwaga, Orrin. Lala hivyo hivyo."

Yeye ndiye alikuwa daktari wa upasuaji wa pekee. Kabla yake alikuwepo mzee mmoja, akafa. Baada yake hakuna aliyekuja. Vijana walikuwa wakiletwa kwa ndege kuangalia nafasi, wanapelekwa kula nyama choma ya ng'ombe, wanaonyeshwa ziwa, wanatabasamu, wanarudi kwao na hawapigi simu tena. Bila daktari wa upasuaji, chumba cha upasuaji kinafungwa. Chumba kikifungwa, wajawazito nao hawapokelewi tena, kwa sababu nani atawapasua mambo yakiharibika? Inabaki Minot, mwendo wa saa mbili, barabara ikiwa wazi. Na wakati wa baridi huku, barabara kuwa wazi ni bahati.

Na ili awe daktari wa upasuaji kweli machoni pa hospitali na watu wa bima, ilimbidi awe na cheti hai cha bodi ya wapasuaji. Hapo ndipo penye kisa.

Zamani, alinieleza, walikuwa wanafanya mtihani mkubwa mara moja kila miaka kumi. Unakwenda mjini, unakaa kwenye chumba chenye msimamizi, unatoka jasho, unarudi. Siku hizi bodi imebadili. Kila baada ya miaka miwili wanakuletea maswali arobaini kwenye kompyuta, unajibu ukiwa nyumbani kwako na soksi zako, una wiki kadhaa za kuyamaliza. Vitabu unaruhusiwa kufungua vyote. Ukikosea swali wanakueleza kosa lako na kukupa nafasi ya pili. Kitu kimoja tu kimekatazwa: usimwulize mtu.

"Ni rahisi basi," nikamwambia.

"Ni rahisi mno," akasema. "Hiyo ndiyo shida yake. Mtihani wa zamani ungeweza kukuangusha ukapumzika. Huu unakushika mkono unakuvusha, unakurudisha kazini. Kila miaka miwili. Mtu anaweza kuvushwa hivyo mpaka kaburini."

Tulikuwa kwenye chumba cha tanuri, chini. Alikuwa na kawaida ya kushuka huko kati ya mgonjwa na mgonjwa, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapasha mikono. Nadhani alinizoea kwa sababu nilikuwa mgeni. Watu wa huku hawamwambii mwenzao mambo ya ndani, ila mgeni humwambia, kama vile mtu anavyozungumza na farasi.

Siku hiyo akasema, "Safari hii sijibu, Orrin."

"Hujibu nini?"

"Maswali ya bodi. Mwisho ni Novemba. Nitaacha Novemba ipite. Cheti kife chenyewe. Nitakwenda kwa Verlyn."

Verlyn ni mumewe. Mkulima, mtu wa masihara, mwembamba kama mti wa uzio. Mapafu yake yaliharibiwa na vumbi la nafaka na majani ya ng'ombe yaliyoota ukungu, na daktari wa mapafu kule Fargo alimwambia kwamba baridi ya huku itammaliza. Basi kila mavuno yakiisha Verlyn alikwenda Arizona, kusini kwenye jua, kama wazee wengi wa huku wanavyokwenda, tofauti ni kwamba wenzake walikwenda na wake zao. Walikuwa wamenunua kijumba chenye mchungwa mlangoni. Kila mwaka Dokta Arlys alisema, mwaka huu wa mwisho, mwakani tunakwenda wote. Verlyn alikuwa akipiga simu kila adhuhuri, na sauti yake ilisikika hadi ukumbini kwa sababu alikuwa kiziwi kidogo na alidhani na wengine ni viziwi.

"Nimechuma chungwa nikiwa nimevaa kaptula!" anapiga kelele. "Huko mna nyuzi ngapi?"

"Chini ya sifuri."

"Mmepatwa!"

Chini ya meza ya ofisi yake Dokta Arlys alikuwa na viatu vya ndara, vyekundu, vya ngozi, lebo ya bei bado inaning'inia. Alivinunua kwa ajili ya Arizona. Nilipokuwa nafagia nilikuwa naviinua, nafagia, navirudisha palepale. Sikumwuliza, naye hakunieleza. Ila siku ile ya ndoo ndipo alipovitaja. "Nitavivaa Desemba," akasema, na akacheka kama msichana.

Mkuu wa hospitali yetu alikuwa Duane Hovland, mtu mwema mwenye uso wa duara, ambaye kila hesabu ya mwisho wa mwezi ilimtia ugonjwa wa tumbo. Oktoba aliona kwenye kompyuta yake kwamba Dokta Arlys hajagusa swali hata moja. Mtu wa kwingine angekwenda ofisini kwake akamwuliza. Duane alisubiri Jumapili, kwenye kahawa, akasimama karibu naye akiangalia dirisha.

"Naona majani yameisha mitini," Duane akasema.

"Yameisha," akasema Dokta Arlys.

"Novemba si mbali."

"Si mbali."

"Kuna mambo ya watu wa bodi, nadhani. Sijui. Labda ungependa siku moja mbili za kupumzika, ukayaangalie?"

"Hapana, Duane," akasema. "Sitayajibu safari hii."

Nilikuwa nimesimama hapo na kipande changu cha keki, nikamwona Duane anatabasamu. Tabasamu lilelile la mtu mwenye birika. "Sawa, sawa," akasema, na akaondoka akipiga mluzi. Nilielewa alichosikia. Alisikia hapana ya kwanza.

Ya pili aliisema kwa LaVonne Rud. LaVonne alikuwa muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, na jikoni mwa kanisa vilevile yeye ndiye mkuu, kwa hiyo hapakuwa na kitu Skarpen kilichopikwa au kupasuliwa bila yeye kujua. Alimkuta Dokta Arlys ananawa mikono baada ya kazi.

"Dokta, tumezungumza kina mama. Tutakufungia simu Jumamosi, na chumba cha mikutano tutakuwekea taa nzuri. Ukae usome maswali yako kwa raha."

"LaVonne, hapana. Nasema kweli. Nimechoka. Nataka kwenda kwa Verlyn."

"Ooh, najua, mpenzi," LaVonne akasema, akimpa taulo. "Wewe kila mara unajifanya huwezi."

"Sikusema siwezi. Nimesema sitaki."

"Wewe na akili zako hizo!" LaVonne akacheka. "Utayamaliza kabla kahawa haijapoa."

Jioni ile nikamwambia, "Dokta, hawakusikii. Wanadhani una haya."

"Najua wanachodhani. Nimezaliwa hapa."

"Basi waambie vingine."

Akaweka mikono juu ya bomba la joto. "Vingine vipi? Hapana ndiyo neno nililonalo. Wewe kule kwenu mnasemaje?"

"Kule kwetu mtu hutupa kofia chini."

"Sina kofia," akasema.

Ya tatu aliisema mbele ya watu wote. Duane aliitisha kikao cha wafanyakazi, akamaliza mambo ya mafuta na paa, halafu akasema, akiwa ameinamia meza, kwamba hospitali itafurahi sana, kama haitakuwa taabu, Dokta Arlys akifikiria lile jambo la Novemba. Dokta Arlys akasimama. Sijawahi kumwona akisimama kwenye kikao. Akasema kwa sauti ya chumba cha upasuaji:

"Hapana. Duane, hapana. Nawaambia wote."

Huku hakuna aliyewahi kusikia hapana ya tatu, hata hawakujua waiweke wapi. Nikamwona kila mmoja anaigeuza kichwani kama sarafu ya nchi nyingine. Halafu fundi wa eksirei, mzee mpole kabisa, akacheka na kusema, "Huyu Dokta kwa masihara amemzidi Verlyn!" Wote wakacheka kwa kupata nafuu. LaVonne akampiga piga mgongoni. Kikao kikaisha.

Yeye akabaki amesimama vilevile. Nilikuwa nakunja viti.

Kilichofuata ni wema, na sijui njia ya kuueleza wema ule bila kuonekana nawasema vibaya watu walionilisha. Chumba cha mikutano kiliwekwa taa mbili, kiti cha mto, blanketi la magotini. Vilikuja vyakula vya oveni, nyama ya kusaga na viazi na supu ya uyoga ya kopo, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe chini kwa plasta. Mchungaji aliacha kupiga kengele ya mchana. Mwalimu mstaafu alileta miwani ya kusomea, tatu, achague. Watu walipopita karibu na dirisha lile waliinama wasionekane, wazee wazima, wakitembea wameinama kwenye theluji kama wanaiba kuku.

Naye Brynn Sandvik alikuja. Huyu alikuwa mke wa kijana wa lori la maziwa, mimba kubwa, na mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu na Dokta Arlys. Alileta lefse, ile mikate myembamba ya viazi, imefungwa kwenye kitambaa bado ina joto.

"Sikuja kukusumbua, Dokta. Nimeleta hii tu."

"Asante. Usingejisumbua. Unalala vizuri?"

"Nalala. Mama anasema Minot si mbali."

"Si mbali."

"Anasema tunaweza kwenda kukaa kwa shangazi yake mwezi mzima, kama itabidi. Ila kuna mdogo, na kuna ng'ombe." Akavuta kitambaa kidogo akakinyoosha. "Siku yangu ni katikati ya Januari."

"Najua siku yako, Brynn. Mimi ndiye niliyekuandikia."

"Ndiyo," akasema yule binti. Akaenda zake taratibu, akishika ukuta. Hakuomba kitu chochote. Kama angeomba, angeweza kukataliwa.

Jumamosi iliyofuata Dokta Arlys aliingia kwenye kile chumba, akafunga mlango.

Alasiri kikafa kipasha joto cha mle ndani, au walisema kimekufa; nikaingia na bisibisi. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, vitabu vimefungwa, lefse haijaguswa. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza kama kitu kisicho chake.

"Usiniulize mimi kitu," nikasema. "Imekatazwa."

"Hata ningekuuliza ungejua nini?"

"Ningejua kukwambia uende Arizona."

"Hilo halimo kwenye majibu." Hakucheka. "Orrin, kaa. Nitakwambia kitu ambacho si swali. Nimeingia humu kuanguka."

Nikakaa kwenye sanduku langu la zana.

"Nilifikiri, kama hapana haisikiki, basi nijibu vibaya. Nikosee, nikosee tena nafasi ya pili, bodi wenyewe waseme hafai. Neno la bodi watalisikia. Hata Duane atalisikia." Akaonyesha kioo. "Swali la kwanza ni mtu mzima, tumbo limevimba, hajatoa hewa, mapigo yanakwenda mbio. Utumbo umejisokota. Kuna jibu moja ambalo mwanafunzi angelichagua na mgonjwa akafa asubuhi. Nikasogeza mkono nilichague. Nikamwona Hjalmar."

Hjalmar alikuwa yule fundi wa eksirei. Alipasuliwa miaka mingi nyuma, utumbo hivyohivyo.

"Ni karatasi tu, Dokta. Hata karatasi si karatasi, ni kompyuta."

"Najua. Nimejiambia hivyo. Nikaenda la pili, nikamwona mama yake Brynn. La tatu ni mtoto. Wote nawajua. Kila mtu waliyemwandika mle ndani nimeshamfungua. Nimekaa saa nzima najaribu kumwua mtu mmoja tu, asiyekuwepo, na mkono haukubali."

Nilikaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Nikasema, "Nivute waya wa umeme?"

Hapo akacheka kidogo. "Wanahifadhi majibu. Umeme ukirudi yatakuwa palepale." Akavuta kiti karibu na meza. "Funga mlango ukitoka. Wasione kwamba tumezungumza."

Akamaliza jioni ile. Hakufungua kitabu hata kimoja. Alipita, tena alipita vizuri kuliko ilivyohitajika, na Jumatatu LaVonne akaleta keki kubwa ya chokoleti iliyoandikwa kwa sukari nyeupe: MIAKA MIWILI MINGINE! Watu wakapiga makofi ukumbini. Dokta Arlys akapewa kisu, akaikata ile keki mkato mmoja ulionyooka, hakuna hata chembe iliyoanguka. Duane alikuwa anafuta macho. Nisiseme uongo, na mimi nilikula, na ilikuwa tamu.

Adhuhuri nikamsikia kwenye simu na Verlyn. Mlango ulikuwa wazi.

"Basi mimi nakuja huko!" Verlyn alipiga kelele.

"Hapana, Verlyn."

"Nimechoka kula machungwa peke yangu! Nakuja!"

"Hapana. Umesikia alivyosema yule wa Fargo. Usije."

"Nakuja, mama!"

"Hapana," akasema. "Usije, tafadhali."

Alikuja Januari. Mtoto wa jirani yao alimleta kutoka kituo cha treni, akaingia hospitalini na koti la Arizona jembamba kama shuka, mtungi wa oksijeni kwenye kigari kidogo, soksi ndani ya makubazi. Dokta Arlys alikuwa anatoka chumba cha upasuaji. Usiku uliotangulia barabara ilikuwa imefungwa pande zote, hata helikopta haikuthubutu kuruka, na alikuwa amempasua Brynn na kumtoa binti mnene mwenye hasira aliyekuwa amekaa kiubavu. Kina mama walikuwa bado wanakumbatiana ukumbini. Kwa hiyo siwezi kusema mji ulikosea. Yule mtoto nimemwona anatembea.

Dokta Arlys akasimama mbele ya mumewe na kofia yake ya kazini bado kichwani.

"Nilikwambia usije."

"Ulisema hapana mara tatu tu," Verlyn akasema. "Nikajua unanitaka."

Dokta Arlys alimfunga zipu ya lile koti hadi kidevuni, kama mtoto wa shule, ingawa walikuwa ndani ya hospitali.

Tangu hapo Verlyn hakurudi tena Arizona, akisema atakwenda mwakani, pamoja na mkewe. Wakati wa baridi alikuwa akikaa kwenye chumba changu cha tanuri, kwenye ile ndoo, kwa sababu ndipo palipokuwa na joto zaidi Skarpen nzima. Alinifundisha kucheza karata ya huku na aliniibia waziwazi. "Nimerudi kufia kwetu, Orrin," alikuwa akisema, "lakini hakuna haraka, wewe gawa karata." Mke wake akishuka, wanakaa wawili, mke anamshikia mpira wa oksijeni usijikunje. Kijumba cha Arizona walikipangisha. Mchungwa, mpangaji alisema, ulikuwa unazaa sana.

Alivumilia baridi moja, na nyingine nusu. Alikufa masika ya mwaka 2024, theluji ya mwisho ikiwa bado imejificha kwenye mifereji, hospitalini kwetu, na aliyekuwa zamu ni mkewe. Kina mama walileta vyakula vya oveni. Yalikuwa mabakuli yaleyale. Niliyatambua kwa zile plasta za majina.

Na mwaka ule ule, Oktoba ilipofika, majani yalipokwisha mitini, Duane akasimama karibu na Dokta Arlys kwenye kahawa ya kanisa, akaangalia dirisha, akasema Novemba si mbali.

"Niwekee chumba Jumamosi," akasema Dokta Arlys.

Duane akabaki mdomo wazi. Safari ile hakukataa hata mara moja. Na nikaona watu wanatazamana, wameona aibu kidogo, kama walivyonitazama mimi Jumapili ile ya kwanza niliposema ndiyo, asante. Yeye akaweka kikombe chake chini, akavaa koti, akaenda kuangalia wagonjwa.

Bado yupo. Ndara nyekundu ziko chini ya meza, lebo haijakatwa. Naziinua, nafagia, nazirudisha.

Lakini Jumapili ile, alipokwisha kutoka, mimi nilisema kitu. Si kawaida yangu, na huku mgeni ni mgeni hata akizeeka. Kina mama walikuwa wanaosha vikombe, Duane anakausha, LaVonne ameshika birika. Niliuliza taratibu, bila ugomvi. Maji yakaendelea kumwagika kwenye sinki. Duane akaendelea kukausha kikombe kilichokwisha kukauka. LaVonne akaja hadi nilipokuwa nimekaa, akanimiminia kahawa mpaka juu, wala hakuuliza kama nataka. Nimeuliza tena mara mbili tatu tangu siku hiyo, kwa watu mbalimbali, na kila mara napewa kitu cha kula. Swali lenyewe lilikuwa dogo tu: hapa kwetu, mtu akatae mara ngapi ndipo tukubali kwamba amekataa?